Neno Lililokatwa Kichwa

Kazini walimwita Mama Pacha, na jina lake la kwenye kitambulisho walibaki nalo wahasibu peke yao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusahau, na kazi yake ilimpa taabu kuieleza kwa watu. Akiulizwa alisema, "Natengeneza mashine ya kutafuta maneno," na watu waliitikia kwa heshima, kisha wakageuza mazungumzo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila zahanati na kila hospitali ya nchi iliandika kwenye kompyuta, au kwenye simu pale ambapo kompyuta haijafika, maelezo mafupi ya kila mgonjwa: anaumwa nini, kaanza lini, kapewa nini. Muuguzi aliandika vile alivyosikia. Wengi waliandika Kiswahili, wengine lugha ya milimani, wengine lugha ya mpakani, na madaktari vijana walizichanganya zote na Kiingereza chao cha darasani kilichokatwakatwa. Maelezo hayo yalimiminika kwenye kitengo cha taarifa za magonjwa, kwenye jengo ambalo lifti yake haikuaminiwa na mtu, na yalikuwa yamerundikana huko kama nguo chafu mpaka Mama Pacha alipoajiriwa ayatafutie njia.

Kupenda maneno alikurithi. Baba yake alikuwa mkalimani wa mahakama, mtu aliyerudi nyumbani jioni bado anabishana na neno la asubuhi. Mezani aliwauliza wanawe: shahidi akisema "alinigusa", je, kasema kapigwa au hajasema? Kaka zake waliendelea kula. Yeye kijiko kilibaki hewani. Alipokwenda chuo kusomea kompyuta, wenzake walikimbilia michezo na benki, yeye akakimbilia lugha.

Mashine aliyoitengeneza wauguzi waliipachika jina Mnusaji. Fahari yake kubwa ilikuwa namna ilivyolielewa neno la Kiswahili. Neno hilo linavaa nguo nyingi. Anakohoa, amekohoa, walikohoa, akikohoa: mtu anayetafuta kikohozi anayataka yote, lakini kompyuta isiyofundishwa inayaona kama watu wasiojuana. Mama Pacha aliifundisha Mnusaji kulivua neno nguo zake, za mbele na za nyuma, mpaka kibaki kiini chake. Kwa lugha nyingine aliijazia kamusi, neno kwa neno, ili anayeuliza kwa Kiswahili apate pia yaliyoandikwa mpakani na milimani. Wageni walikuja kuitazama. Mkuu wa kitengo, ambaye kila ombi alilijibu kwa "subiri kwanza" na kwa hiyo akaitwa Bwana Subiri, alipiga nayo picha.

Asubuhi ya Jumatatu moja simu ililia. Alikuwa daktari wa watoto wa hospitali kuu, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ambaye hakupiga simu kwa ajili ya salamu.

"Mama Pacha, nina watoto wawili hapa. Mmoja amefariki alfajiri. Figo zimegoma zote mbili, ghafla, na sioni sababu. Mwingine naye anaelekea huko huko. Wote wa mtaa mmoja. Nitazamie kama kuna wengine wa namna hii popote."

"Dalili yao kubwa ni nini?"

"Hawakojoi. Homa kidogo, kutapika, halafu mkojo unakatika kabisa."

Mama Pacha aliandika: mtoto hakojoi. Mnusaji akaleta rundo. Mtoto anakojoa kitandani. Mtoto anakojoa mara kwa mara. Mtoto anakojoa huku akilia. Alishuka ukurasa baada ya ukurasa, na yote yalikuwa hayo hayo, mikojo ya kawaida ya watoto wa kawaida.

"Hakuna," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Daktari. Kungekuwa na kitu kingetokea."

"Basi ni kitu cha mtaani kwao. Maji, pengine. Nitazamie visima."

Aliandika kisima, na hapo Mnusaji akaleta kitu. Zahanati kadhaa za milimani zilikuwa zimeandika, kwa lugha ya huko, kwamba kisima kimefunga. Akamsomea daktari. Daktari akasema huenda maji yana shida kote, huku yamechafuka na huko yamekauka, watu wanachota popote. Kabla ya saa sita timu ya maafisa wa afya ilikwishaondoka na chupa za sampuli kwenda kupima visima vya mtaa ule. Mama Pacha alikula chakula chake cha mchana na moyo mweupe. Alikuwa amesaidia.

Jumatano daktari alipiga tena. Safari hii hakukwaruza. Alisema polepole, na hiyo ndiyo iliyomtia Mama Pacha baridi.

"Yule wa pili ametutoka jana. Maji ya visima ni safi. Na leo nimeletewa wa tatu, msichana wa miaka miwili, ametoka mpakani. Siku nzima ya safari kutoka hapa. Hajawahi kuugusa mtaa ule wala maji yake."

"Kutoka mpakani?"

"Mpakani. Na muuguzi aliyemleta anasema waliandika habari zake wiki iliyopita, wakatuma kwenu. Nawe uliniambia hakuna."

Mama Pacha alishukuru, au alidhani ameshukuru, akaweka simu chini. Chumba kilikuwa na watu wengine wanaocheka jambo la mpira wa jana. Alivuta kiti, akamwomba yule muuguzi, kwa simu, amsomee sentensi aliyoiandika wiki iliyopita, neno kwa neno, kama ilivyo. Muuguzi akasoma: "Mtoto hakojoi tangu juzi, amevimba uso." Kiswahili safi. Hakuna mkato, hakuna kosa la herufi.

Mama Pacha akaiandika sentensi ile ile. Mnusaji akaleta mtoto anakojoa kitandani, mtoto anakojoa mara kwa mara.

Akafungua tumbo la mashine, yale maagizo aliyoyaandika mwenyewe miaka mitatu nyuma, akalifuata neno hatua kwa hatua jinsi linavyovuliwa. Likaingia hakojoi. Likakatwa mwisho. Likakatwa mbele. Likatoka kojo. Akaingiza anakojoa. Likakatwa mwisho, likakatwa mbele, likatoka kojo.

Alikuwa ameikata "ha". Aliihesabu kuwa nguo kama nguo nyingine, sawa na "a" na "wa" na "li", akaivua na kuitupa. Kwa Mnusaji, mtoto anayekojoa na mtoto asiyekojoa walikuwa mtoto mmoja. Anayepumua na asiyepumua. Anayenyonya na asiyenyonya. Na kwa kuwa watoto wanaokojoa ni maelfu, wale wachache wasiokojoa walikuwa wamezikwa chini yao, kurasa na kurasa, mahali ambapo hakuna mtu angeshuka.

Wa pili ametutoka jana.

Hakulia. Alisimama, akaenda kwa Bwana Subiri bila kubisha hodi, akamweleza yote kwa pumzi moja. Mzee yule alivua miwani.

"Unataka kufanya nini?"

"Nirudishe 'ha' mahali pake, halafu isome upya maelezo ya watoto wote wadogo, ya miezi miwili iliyopita. Seva haiwezi kufanya hilo huku inajibu maswali ya watu. Lazima niizime kwa wote."

"Subiri kwanza. Waganga wakuu wa wilaya zote wanaitumia sasa hivi. Niwasiliane na wizara, tupate kibali."

"Wizara watakuita kikaoni, mzee."

"Ndiyo utaratibu."

"Sasa hivi kuna mganga mahali fulani anaiuliza swali, nayo inamjibu uongo. Nikiiacha iwake, inaendelea kudanganya. Mimi nilidanganywa nayo Jumatatu, na niliitengeneza."

Bwana Subiri alimtazama, akatazama simu ya mezani, akavaa miwani tena. "Sijakuona umeingia humu," alisema. "Nenda."

Akaizima. Simu za malalamiko zilianza kulia kabla hajamaliza kukaa, na mwenzake wa meza ya pili, ambaye habari za mpira zilikwishamtoka, alizipokea zote na kusema, "Tunatengeneza, ndugu, tuvumilie," kwa sauti ya mtu wa kampuni ya umeme. Mama Pacha aliandika upya yale maagizo ya kuvua. Vidole vyake vilikosea mara mbili na ikambidi arudie. Kisha akaiachia ianze kusoma, akabaki anautazama mstari wa kijani ukisogea kwenye kioo, mwembamba, wa pole, kama hauna haja na mtu.

Ulipofika mwisho akauliza tena: mtoto hakojoi.

Wakatokea. Wawili wa kusini. Mmoja wa mpakani, yule msichana. Watatu wa bandarini. Mwingine wa mji wa viwanda, na mwingine, na mwingine. Hawakuwa wa mtaa mmoja wala wa mkoa mmoja. Walikuwa wametapakaa nchi nzima kama mbegu zilizomwagwa na mkono wa mtu.

Alichora kwenye karatasi kila walipotokea, na ndipo akaona shimo. Milimani hapakuwa na hata mmoja. Watoto wote wale wa milimani, zahanati zote zile, na hakuna hata mmoja? Jumatatu angefurahi, angesema huko wamesalimika. Sasa kimya kile kilimtisha kuliko majina yaliyotokea. Akaifungua kamusi ya lugha ya milimani, akatazama neno la kukojoa. Lilikuwepo, kamusi ilikuwa sahihi. Lakini kwenye maelezo ya watoto wa huko neno hilo halikutumika hata mara moja. Watu hawa, alijiuliza, wanasemaje?

Aliyemjua wa milimani alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mama mkwe wake. Tangu aolewe, Mama Pacha hakuwahi kutamka mbele yake neno lolote la chini ya kitovu. Hata mimba ya pacha aliitangaza kwa kumtuma mume wake. Akatoka nje kwenye ngazi, akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wajukuu wangu wamefanya nini?"

"Hawajambo, wako shule. Mama, nina swali la kazi. Unisamehe, ni la aibu kidogo."

Akasikia kiti kikiburutwa na mlango ukifungwa. "Niko peke yangu. Sema."

"Huko kwenu, mtoto mdogo akiwa hapati haja ndogo kabisa, mnasemaje?"

"Nani hapati haja ndogo?"

"Si wa kwetu, mama. Ni wa wagonjwa."

"Ungeanzia hapo, umenishtua." Mama mkwe alivuta pumzi. "Sisi hatuutaji mkojo wa mtoto mbele za watu, kama nyinyi mnavyoropoka. Tunasema kisima kimefunga."

Mama Pacha alishika chuma cha ngazi.

"Kisima, mama?"

"Kisima cha mtoto. Kila mzazi wa huku anajua. Huyo mume wako alifunga kisima siku nzima akiwa mdogo, tukahangaika naye mpaka kikafunguka kwenye nguo za shangazi yake. Usimwambie nimekwambia. Kwani kuna nini?"

"Nitakwambia, mama. Asante. Asante sana."

Alirudi mbio. Yale maelezo ya milimani aliyomsomea daktari Jumatatu, yale yaliyowatuma watu na chupa kwenda kupima maji, alikuwa ameyashika mkononi tangu siku ya kwanza. Mnusaji aliyatafsiri neno kwa neno, kisima kikabaki kisima, naye akayaamini. Hayakuwa maji. Walikuwa watoto. Sasa ramani yake haikuwa na shimo tena.

Akampigia daktari wa watoto, akamwambia yote: "ha", kisima, Jumatatu. Hakutafuta pa kujificha.

"Tutalizungumza," daktari alisema. "Sasa nisomee. Kila mtoto, kuanzia mara ya kwanza alipofika zahanati, kwa ugonjwa wowote."

Akasoma. Hakuiamini tena mashine kumkusanyia. Alifungua maelezo ya kila mtoto na kuyasoma kwa macho yake, naye daktari anasikiliza na kugunaguna. Kila mtoto alikuwa amefika siku chache kabla, kwa kikohozi. Wote wamepewa dawa. Mmoja aliandikiwa sirapu. Mwingine dawa ya kifua. Wa mpakani waliiita dawa tamu, wa milimani waliiita asali ya hospitali. Yangekuwa magumu kuyaunganisha, ila muuguzi mmoja wa bandarini, mtu wa maneno mengi, aliongeza: ile mpya yenye lebo ya njano, iliyokuja na mzigo wa mwezi huu. Akawapigia wengine mmoja mmoja. Lebo ya njano. Lebo ya njano. Njano, dada, ndiyo hii ninayo mkononi, kwani vipi?

"Usimpe mtu," alimwambia huyo wa mwisho. "Iweke kabatini ufunge."

Kisha, kabla ya kwenda kwa mkuu, akampigia mume wake, fundi wa majokofu, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani. Pacha walikuwa wamekohoa wiki iliyopita.

"Fungua kabati la dawa. Ile chupa ya kikohozi ina lebo ya rangi gani?"

"Ngoja." Vyombo vikagongana. Akangoja, na katika kungoja huko akajua wazazi wa watoto wale wamengoja vipi. "Ya kijani. Imeandikwa—"

"Basi. Nitakueleza jioni."

Bwana Subiri alimsikiliza akiwa amesimama. Kuzuia dawa nchi nzima lilikuwa jambo la kumfukuzisha mtu kazi. Kiwanda kingeshtaki, zahanati zingebaki bila sirapu katika msimu wa vifua, na magazeti yangefanya yake.

"Una hakika?" aliuliza.

Mama Pacha alivuta kiti. Akakaa.

"Sina, mzee. Jumatatu nilikuwa na hakika. Leo nina watoto hawa, wote wamekunywa kitu kimoja, na nimewasoma mmoja mmoja. Hicho tu ndicho ninacho."

Mzee alizunguka meza, akazima feni kana kwamba inamsumbua kufikiri, akaiwasha tena. Halafu akainua simu, akaomba aunganishwe na waziri mwenyewe, na alipoambiwa asubiri akasema hapana, hasubiri. Amri ilitoka kabla ofisi hazijafungwa. Ilisomwa kwenye redio kwa lugha zote, na Mama Pacha ndiye aliyeiandika, akihakikisha kila lugha inasema kile watu wake wanachosema na si kile kamusi inachodhani. Milimani walisikia: mtoto akifunga kisima, mkimbizeni hospitali, na msimpe ile asali yenye lebo ya njano.

Maabara ilithibitisha wiki iliyofuata. Katika dawa ile mlikuwa na sumu ya viwandani iliyochukua nafasi ya kiungo halali. Wenye kiwanda walikamatwa, na kesi yao ilichukua muda wake. Watoto waliofikishwa mapema walisafishwa damu kwa mashine, na wengi walipona. Daktari alimpigia Mama Pacha asubuhi moja kusema neno moja tu kuhusu msichana wa mpakani: "Amekojoa." Mama Pacha alilirudia kwa sauti, na chumba kizima cha wanaume kikageuka kumtazama.

Tume iliundwa. Alipoitwa, alichukua chaki, akaandika ubaoni hakojoi na anakojoa, akawaonyesha alichokata na sababu. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini hakuijaribu kwa maneno ya kukanusha. Alijibu kwamba aliijaribu kwa maneno aliyotamani kuyapata, na yalipatikana, akaridhika. Hawakumfukuza. Walimtaka aijenge upya. Akaijenga, na kitu cha kwanza alichokiondoa ni lile jibu la "hakuna". Mnusaji mpya akikosa kitu anaandika "sijaona", na chini yake anataja lugha asizozielewa vizuri na zahanati ambazo hajui maneno yake. Waganga walilalamika kwamba mashine ya zamani ilikuwa na majibu mafupi. Aliwaambia ni kweli.

Jambo moja halikuandikwa kwenye ripoti ya tume. Siku ya mwisho ya vikao alimfuata daktari wa watoto mpaka kwenye maegesho ya magari, na daktari, akiwa ameshika mlango wa gari lake, alijua anachofuatwa.

"Yule wa pili," Mama Pacha alisema. "Kama ningekwambia Jumatatu."

Daktari aliweka mkoba juu ya bati la gari. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na hakubembeleza.

"Alikuwa amezidiwa. Lakini alikuwa bado anaendelea kupewa ile sirapu, kwa sababu anakohoa na hatukujua. Pengine angekufa hata hivyo. Pengine asingekufa. Mimi ndiye niliyesaini apewe, kwa hiyo usidhani unalibeba peke yako."

Walisimama hapo mpaka mlinzi alipokuja kuuliza kama gari limegoma. Daktari akamwambia halijagoma, akaingia, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Panda nikupeleke kwako," alisema. "Una watoto wanakungoja."

Mama Pacha akapanda. Njia nzima hawakuzungumza habari za kazi.